Je, mtengeneza tovuti anaweza lugha yoyote ya programu? Dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Mtengeneza tovuti ni mtu wa lugha moja.

Chukua fomu ya kujisajili. Umbo lake limeandikwa kwa HTML, rangi na mpangilio kwa CSS, na kinachokuonya kwamba nywila yako ni fupi ni JavaScript. Ukibonyeza "Tuma", taarifa zinapokelewa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, na PHP, Python au nyingineyo, kisha zinaingia kwenye hifadhidata kwa amri za SQL. Hizo ni lugha tano, na mara nyingi zote zimepita kwenye mikono ya mtu mmoja. Wapo watakaosema HTML si lugha ya programu, na wako sahihi: ni lugha ya alama, haina masharti ("ikiwa hivi, fanya vile") wala mizunguko (kurudia amri). Hata hivyo lazima ijifunzwe, na aliyeidharau hujulikana kwa kazi yake.

Dhana: Ukiijua moja vizuri, nyingine ni suala la wiki moja.

Hii ndiyo inayoumiza wengi, na mimi iliniumiza. Mambo ya msingi huhama nawe kweli. Aliyeelewa masharti, mizunguko na funksheni (fungu la amri lililopewa jina) katika PHP hatapotea akifungua Python. Kisichohama ni tabia ndogondogo za kila lugha.

Ipe JavaScript orodha ya namba 10, 9 na 1, uiamuru ipange kwa `sort()` bila maelekezo mengine. Itakurudishia 1, 10, 9. Inazigeuza namba kuwa maandishi kwanza, na kimaandishi "10" hutangulia "9", kama maneno yanavyopangwa kwenye kamusi. Python ikipewa orodha hiyohiyo hurudisha 1, 9, 10. Mimi nilitoka Python, nikapanga alama za watumiaji kwa JavaScript, nikajaribu kwa namba za tarakimu moja na zote zikakaa sawa. Alama zilipofika 100, mwenye 100 akawa chini ya mwenye 20. Siku mbili nzima nililitafuta kosa kwenye hifadhidata, kumbe liko kwenye mstari mmoja niliouamini.

Au jumlisha maandishi "5" na namba 3 kwa alama ya +. JavaScript inakupa "53", PHP inakupa 8, Python inakataa na kutoa kosa. Mimi naipenda zaidi inayokataa, maana inakuambia papo hapo. Ndiyo maana aliyehamia lugha mpya huiandika kwa lafudhi ya ile aliyoizoea: programu inafanya kazi, ila wenye lugha wakisoma msimbo wake wanamtambua mara moja.

Dhana: Anayejua Java anajua JavaScript.

Hapana. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich wa Netscape mwaka 1995, toleo la kwanza kwa siku 10, ikapewa jina hilo kwa sababu Java ilikuwa inavuma wakati huo. Tangazo la kazi linalozichanganya linawapotezea muda mwajiri na mwombaji.

Dhana: Siku hizi JavaScript inatosha kwa kila kitu.

Tangu Ryan Dahl alipoitoa Node.js mwaka 2009, JavaScript inaendeshwa hata kwenye seva, kwa hiyo tovuti nzima inaweza kujengwa kwayo. Lakini SQL haijaondoka, na WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, imeandikwa kwa PHP. Atakayekabidhiwa kutunza tovuti ya namna hiyo atakutana na PHP, apende asipende.

Dhana: Mwenye lugha kumi kwenye wasifu ndiye hodari.

Muulize ombi la kivinjari linafikaje kwenye seva. Muulize vidakuzi (cookies), yaani taarifa ndogo ambazo tovuti humkumbukia mtumiaji, vinatunzwa wapi, na kwa nini maandishi ya mtumiaji hayaunganishwi moja kwa moja na amri ya SQL. Majibu ya maswali hayo hayabadiliki ukitoka PHP kwenda Ruby, na bila hayo mtu atafungua mlango uleule kwa wavamizi katika kila lugha anayoiandika.

Mimi ninapompima developa, nampa kipande kifupi cha msimbo chenye hitilafu, katika lugha asiyoiandika kila siku, na namruhusu kufungua nyaraka rasmi za lugha hiyo. Kisha nakaa kando yake naangalia: anausoma kwanza ujumbe wa kosa, au anaanza kubadilisha mistari kwa kubahatisha?