Mauaji ya Uingereza ya karne ya 14: nani kakwambia hakukuwa na sheria?

Hii nimeshaisikia mara nyingi mno na juzi nimeisikia tena kwenye kikao cha harusi, kutoka kwa mtu aliyesoma kabisa: "Mwalimu, si zamani huko Ulaya watu walikuwa wanauana kama kuku, mtu anachomwa kisu njiani na hakuna wa kuuliza?" Nafundisha historia ya sheria, kwa hiyo watu wanadhani watanifurahisha wakiniambia hivyo. Hainifurahishi. Hakuna wa kuuliza? Ndugu yangu, walikuwa wanauliza mpaka bei ya kisu.

Nachukua Uingereza maana ndo ninayoijua na ndo yenye magombo (kumbukumbu za zamani za maandishi) mengi yaliyobaki. Toka 1194, enzi za Richard I, kila kaunti ilitakiwa ichague waungwana watatu wa cheo cha naiti na karani mmoja wa kulinda mambo ya mfalme, na humo ndo likazaliwa lile jukumu la kuchunguza vifo. Mtu akikutwa amekufa kifo cha ghafla, yule aliyemkuta wa kwanza anapiga yowe, majirani wanatoka, mwili haufukiwi mpaka mchunguzi afike. Akifika anaita wanaume wa mitaa ya karibu, kumi na wawili au zaidi, wanaapishwa, wanauangalia mwili mbele yake, karani anaandika kwa Kilatini: kidonda kiko wapi, urefu inchi ngapi, kimeingia kiasi gani, silaha ni ipi na inauzwa shilingi au peni ngapi, nani alikuwepo, muuaji kakimbilia wapi, kaacha mali gani nyumbani. Kijiji kikizika mwili kimyakimya, faini. Kisipomfukuza muuaji, faini.

Sababu kubwa ya yote haya ni hela, sitaki kumdanganya mtu. Mali za muuaji zinakwenda kwa mfalme, na thamani ya kile kilichoua nayo inakwenda, hata kama ni gurudumu la mkokoteni. Lakini hebu fikiria, serikali inayotaka hela kwenye kila maiti ndo itaacha maiti zipite bila kuandikwa?

Mfano. Tarehe 3 Mei 1337, jioni baada ya sala ya magharibi ya kanisani, padri anaitwa John Forde anatembea Cheapside, London, karibu na kanisa la St Paul's, barabara ya maduka, watu tele. Padri mwenzake, Hasculph Neville, anamsalimia vizuri tu, wanaongozana wanapiga stori. Ghafla wanatokea wanaume watatu, mmoja anamkata koo kwa kisu cha inchi 12, wawili wanamchoma tumboni. Juri, yaani hao raia wanaoapishwa, ya watu 33 ikaitwa. Wakawataja wauaji kwa majina, wakamtaja na aliyewatuma: Ela Fitzpayne, mke wa bwana mkubwa, na mmoja wa wauaji ni kaka yake Ela, Hugh Lovell. Chanzo wakasema ni ugomvi wa siku nyingi. Ukirudi nyuma mpaka 1332 unakuta barua ya askofu mkuu Simon Mepham akimshutumu huyu mama kwa uzinzi, na Forde anatajwa humo kama hawara wake, na mama akapewa adhabu ya kutembea peku ndani ya kanisa kuu la Salisbury kashika mshumaa mzito wa nta, kila mwaka kwa miaka saba. Aligoma.

Mwisho wa siku aliyefikishwa gereza la Newgate ni mmoja tu, Hugh Colne, mtumishi wa zamani wa hiyo familia, tena ni 1342. Watu wakisikia hapo wanashangilia, "si unaona, hakukuwa na sheria!" Jamani. Mkubwa kuponyoka na sheria kutokuwepo ni mambo mawili tofauti kabisa. Watu 33 wa London wamesimama mbele ya afisa wa mfalme, wamekula kiapo, wamelitaja jina la mke wa bwana mkubwa kwamba ndo kaagiza damu. Hilo halitokei mahali ambapo hakuna anayejali.

Sasa twende kwenye kitu kinachonikera kuliko vyote, namba. Kila mtu ana namba. "Walikuwa wanauana mara ishirini kuliko leo", "mara hamsini", inasambaa hivyohivyo bila mtu kuuliza imepatikanaje. Kwa London tuna magombo ya miaka tisa tu kati ya 1300 na 1340, ndani yake mauaji 142. Gawanya, unapata karibu 16 kwa mwaka. Mpaka hapo tuko salama kiasi. Afu ndo unatakiwa ugawe kwa idadi ya watu, na hapo hakuna sensa. Ukisema London ilikuwa na watu 100,000 unapata mauaji 16 kwa kila watu laki. Ukisema 80,000 unapata kama 20. Ukisema 40,000, na wapo wanahistoria wazito waliosema hivyo, unafika 39. Maiti ni zilezile! Uingereza ya leo iko kwenye moja hivi kwa laki, kwa hiyo ndiyo, zamani ilikuwa mbaya zaidi, hilo silipingi hata kidogo, ila ukinitajia "mara ngapi" kwa uhakika ule wa mtu anayesoma mita ya umeme nitakubishia mpaka kesho. Oxford ndo usiseme, mji wa chuo kikuu wenye watu kama 7,000, pale mwaka mmoja ukiwa na wafu watano tayari uko juu ya 70 kwa laki, akipona mmoja umeshuka chini ya 60.

Na huyo kupona ndo penyewe. Soma hayo magombo utaona wangapi hawakufa palepale, mtu kachomwa Jumapili akafa wiki ya pili, kapata na sakramenti za mwisho, kidonda kimeoza. Leo huyo anakimbizwa hospitali anashonwa, anapewa antibayotiki, kesi inabaki kuwa ya kujeruhi. Kwa hiyo tunapolinganisha mauaji, humohumo tunalinganisha udaktari pia, na mimi binafsi sijaona hesabu ya kuvitenganisha iliyoniridhisha. Upande wa pili kuna vifo vilivyoitwa ajali, vichanga, watu waliotupwa mtoni, hivyo navyo vinaweza kuwa vimetupita. Kosa linaweza kuwa juu au chini.

Nani alikuwa anamuua nani? Zaidi ni vijana wa kiume, visu viko kiunoni tayari kwa kazi na kwa kula, jioni, Jumapili watu wamelewa, ugomvi wa maneno au heshima. Oxford zaidi ni wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, wa kaskazini na wa kusini. Na 10 Februari 1355 ugomvi ulianzia kwenye baa ya Swindlestock, wanafunzi wakalalamikia mvinyo, ikaishia kuwa vita na wenyeji, wanafunzi 63 wakafa na wenyeji kama 30. Majambazi wa porini wapo, ila sio wao waliojaza magombo.

Na lile lingine, kwamba kila muuaji alinyongwa haraka, nalo sio kweli. Adhabu ilikuwa kunyongwa, ndiyo, lakini juri za kesi zilikuwa zinaachia washtakiwa wengi ajabu. Sheria haikuwa na ngazi ya katikati: kama hujajitetea na sio ajali, ni kitanzi, hata kama mmegombana ghafla kilabuni. Majirani hawakukubali. Unakuta juri ya mchunguzi imeandika huyu alikasirika akampiga mwenzie shoka, afu mahakamani juri ya kesi inasema maskini alirudi nyuma mpaka ukutani, hana pa kutokea, ndo akapiga. Ukuta unatokea ghafla kwenye kesi nyingi mno. Hapo msamaha wa mfalme unapatikana, mtu anapoteza mali ila anabaki na shingo. Wengine walikimbilia kanisani, siku 40, wakakiri, wakaapa kuihama nchi, wakatembea na msalaba mkononi mpaka bandari waliyopangiwa.

Mimi nadhani wale wanajuri walikuwa wanatenganisha aliyepanga na aliyepandwa hasira kabla sheria yenyewe haijafika huko. Mwaka 1390 bunge likazuia misamaha ya jumla isiwafunike waliovizia au walioua kwa nia ovu iliyopangwa, na enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor, 1512 mpaka 1547, sheria moja baada ya nyingine ikawanyima hao waliopanga ile nafuu ya mtu kukwepa kitanzi kwa kujifanya padri, yaani kwa kusoma mstari wa Zaburi ya 51. Aliyeua kwa hasira za ghafla akabaki nayo. Wakoloni wakaja na mgawanyo huohuo kwenye makaratasi yao, na ndo maana ukifungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 196, huwezi kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia bila kuthibitisha hiyo nia ovu, na kifungu cha 200 kinakueleza ithibitishweje.