Kuhamishia seva ya FTP kwenye SunOS: hitilafu zisizojitangaza

Watunzaji wengi wa kompyuta za zamani za Sun hudhani kwamba seva ya FTP, yaani programu ya kuhamisha mafaili mtandaoni, ikishakubali kukompailiwa (msimbo wake kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa) bila kosa, kazi imekwisha. Kwa uzoefu wetu, hapo ndipo inapoanza, kwa sababu makosa ambayo kompaila huyaona ni yale mepesi. Seva huutegemea mfumo iliomo kwa mambo mengi ambayo hayakuandikwa popote, na mfumo ukibadilika, mambo hayo hukosekana kimyakimya.

Tuchukue wu-ftpd, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington cha mjini St. Louis, ikihamishiwa kwenye kituo cha kazi cha SPARC (kichakataji cha Sun) chenye SunOS 4.1, mfumo endeshi wa Sun. Kompaila inayokuja na mfumo huo haiielewi C ya ANSI (lugha ya C ya kiwango rasmi), na maktaba yake haina strerror, inayogeuza namba ya kosa kuwa maneno, kwa hiyo ujumbe wa makosa hulazimika kuchukuliwa kwenye jedwali la sys_errlist. Hayo hurekebishwa kwa saa chache. Lililo gumu zaidi ni sprintf, inayounda maandishi ndani ya kumbukumbu, ambayo kwenye SunOS 4 hurudisha anwani ya kumbukumbu badala ya idadi ya herufi zilizoandikwa. Mstari unaotegemea idadi hiyo hupita kwenye kompaila, pengine kwa onyo tu, kisha seva ikiwa kazini hujikuta na namba kubwa isiyo na maana mahali palipotakiwa urefu wa sentensi.

Hitilafu inayotuletea maswali mengi kuliko zote ni hii: mgeni anaingia kwa jina la anonymous (la wasio na akaunti), anaomba orodha ya mafaili, seva inajibu 150, kwamba orodha inakuja, halafu 226 kwamba uhamishaji umekamilika, na katikati hakuna hata mstari mmoja. Mtu huanza kukagua ruhusa za folda, na mara nyingi hupoteza muda bure. Seva humfungia mgeni ndani ya folda moja kwa chroot (amri inayomzuia kuona nje ya folda hiyo), kisha huiita programu ya ls, inayoorodhesha mafaili, kutoka humo humo ndani. Kwenye SunOS 4, ls hutegemea maktaba za pamoja, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu nyingi huyatumia zikiwa kazini, na kwa hiyo ndani ya folda hiyo ni lazima kuwe na usr/lib/ld.so, libc.so ya toleo linalofaa, na kifaa cha dev/zero kilichoundwa kwa mknod, amri ya kuunda mafaili ya vifaa. Kikikosekana kimojawapo, ls hufa kabla ya kusema lolote, na seva, ambayo haikuona kosa, hutangaza kwamba mambo yamekwenda sawa. Sisi hupendelea kuweka ls iliyounganishwa na maktaba zake moja kwa moja, ili kusiwe na vitu vya kusahauliwa siku mfumo utakaposasishwa.

Kwa wenye akaunti zao, angalieni kwanza /etc/shells, orodha ya sheli (programu za kupokea amri) zinazoruhusiwa. Mtumiaji ambaye sheli yake haimo katika orodha hiyo hukataliwa hata kama nywila yake ni sahihi, na ujumbe anaoupata humfanya ailaumu nywila. Ukihamia Solaris 2, mfumo uliofuata SunOS 4, suala linageuka: nywila zimo katika /etc/shadow, kwa hiyo msimbo unaosoma kwa getpwnam (inayoleta taarifa za akaunti) peke yake hupata herufi x na kumkataa kila mtu.

Msimbo wenyewe pia uchunguzwe unakotoka. Mwaka 1994 CERT, kituo cha kushughulikia dharura za usalama wa kompyuta, ilionya kwamba baadhi ya nakala za matoleo ya 2.2 na 2.1f ya programu hii zilikuwa zimechezewa na mvamizi, zikampa yeyote aliyejua siri hiyo mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Mwaka 2000 ukagunduliwa udhaifu mwingine katika amri ya SITE EXEC, inayomwezesha mtumiaji kuendesha programu kwenye seva, safari hii kwa kosa la waandishi wenyewe: maandishi ya mtumiaji yalipitishwa kama umbizo la kuchapisha. Marekebisho ya aina hiyo yaingizwe kwenye msimbo wako kabla seva haijafunguliwa katika inetd.conf, faili linalotaja huduma za kuanzishwa, hata kama inahudumia mtandao wa ndani tu.