Hanuka si Krismasi ya Wayahudi

Kwa familia ya Kiyahudi ya Marekani, Desemba ni mwezi wa kuishi katikati ya sherehe ya jirani. Watu wenye nia njema huwatafutia sikukuu ya kulingana na Krismasi, na makosa mengi huanzia hapo.

Dhana: Hanuka ndiyo sikukuu yao kubwa.

Hanuka, sikukuu ya siku nane, hukumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 kabla ya Kristo, baada ya Yuda Makabayo na wenzake kuyashinda majeshi ya mfalme Antioko wa Nne. Kwa uzito wa kidini, Yom Kipuri (Siku ya Upatanisho), Rosh Hashana (Mwaka Mpya) na Pasaka ya Kiyahudi zinaipita mbali. Siku zote nane watu huenda kazini na watoto shuleni. Desturi ya zamani ilikuwa kuwapa watoto sarafu. Lundo la zawadi lilinenepa Marekani kwa sababu ya Krismasi. Mwalimu anayetaka kweli kumfaa mtoto wa Kiyahudi asihangaike kusimamisha kinara cha mishumaa cha Hanuka kando ya mti wa Krismasi. Asipange tu mtihani siku ya Yom Kipuri.

Dhana: Tarehe yake hurukaruka.

Huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislev katika kalenda ya Kiyahudi, kila mwaka. Kalenda hii hufuata mwezi mwandamo, ila haizunguki majira yote kama Ramadhani, kwani huongezewa mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka 2013 Hanuka ilianza jioni ya 27 Novemba. Mwaka 2024, jioni ya 25 Desemba. Aliyetuma salamu tarehe 20 Desemba 2013 alikuwa amechelewa wiki mbili.

Dhana: Kinara chochote kinafaa, na mishumaa huwashwa yote pamoja.

Kinara cha Hekaluni kilikuwa na matawi 7. Cha Hanuka, yaani hanukia, kina nafasi 9: nane za siku zenyewe, zilizo kimo kimoja, na moja ya shamashi, “mtumishi” anayewasha wenzake, ambaye huinuliwa au kuwekwa kando. Usiku wa kwanza mshumaa mmoja huwekwa kulia kabisa, kisha kila usiku huongezwa mwingine kuelekea kushoto. Kuwasha ni kinyume: huanza na ule mpya na kwenda kulia. Ndiyo maana boksi huwa na mishumaa 44, yaani 36 ya siku nane na 8 ya shamashi. Mwanga wake ni wa kutazamwa. Hausomewi wala haushonewi nguo.

Penye mtego ni Ijumaa. Sabato ikishaingia moto hauwashwi, kwa hiyo hanukia hutangulia mishumaa ya Sabato, ambayo wengi huiwasha dakika 18 kabla ya jua kuzama. Lakini moto wa hanukia unatakiwa udumu hadi nusu saa baada ya giza kuingia, na mishumaa midogo ya boksi huishia nusu saa hivi tangu iwashwe. Tafuta mirefu, au vikombe vya mafuta ya zeituni vinavyodumu saa moja na nusu au zaidi. Tandika karatasi ya aluminiamu chini, mbali na pazia. Mishumaa iliyosongamana huyeyushana.

Dhana: Siri ya latke, chapati ndogo za viazi za kukaanga za Hanuka, ni mafuta mengi.

Siri ni kukamua. Kwaruza kilo 1 ya viazi na kitunguu kimoja, funga kwenye kitambaa safi, kamua hadi maji yakome. Acha maji hayo dakika 10, yamwage taratibu, kisha rudisha wanga uliotuama chini. Ongeza mayai 2, vijiko 3 vya unga na chumvi. Mafuta ya nusu sentimita yanatosha, yakiwa ya moto sana. Mchanganyiko wenye maji huyapoza, na latke hunywa mafuta badala ya kukauka. Ukikwaruza mapema, viazi vibichi vitageuka vyeusi. Mlo ukiwa na nyama, wanaoshika kosher, sheria za Kiyahudi za chakula zinazokataza kuchanganya nyama na maziwa, huzila kwa rojo la tufaha, si malai.

Dhana: Tarehe 25 Desemba hukaa wamenuna.

Wengi huenda sinema na mkahawa wa Kichina, sehemu zilizo wazi siku hiyo. Wauguzi na madaktari hujitolea kushika zamu ili wenzao Wakristo wabaki nyumbani. Na ukimwambia Myahudi “Heri ya Krismasi” kwenye foleni ya duka, wengi watajibu asante, basi.