Odit ni nini, na hilo neno lilitoka wapi?

Huku Kisumu ukisema odita anakuja watu wanajua tu kuna mtu amekula pesa, trezara, yaani mweka hazina, anaanza kuangaliwa vibaya hata daftari halijafunguliwa. Hiyo si haki. Odit, ama ukaguzi wa hesabu, ni mtu ambaye hakuzishika hizo pesa kukaa chini na kuangalia kama hesabu mliyoletewa inalingana na kile kilichofanyika kweli.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, audire, yaani kusikia. Uingereza ya zamani wengi hawakujua kusoma, sasa msimamizi wa shamba la bwana mkubwa alikuwa anasimama na hesabu inatolewa kwa sauti, ngano iliyovunwa, kondoo waliokufa, pesa zilizoingia na zilizotoka, na odita anasikiliza huku anauliza maswali.

Siku hizi anasoma makaratasi. Tuseme chama cha akina mama wa Kibuye kimeandika kwa daftari kwamba tenti ilinunuliwa 38,000. Odita hatosheki na hiyo, ataitisha risiti, ataangalia stetimenti ya M-Pesa kama pesa zilitoka siku hiyo, ataangalia minits kama mkutano ulikubali, alafu atasema haya, nionyesheni hiyo tenti. Hafuati kila shilingi lakini, anachagua baadhi, haswa zile kubwa na zile hazieleweki.

Akimaliza anatoa maoni. Kuna safi, kuna yenye walakini, kuna mbaya kabisa, na kuna ile anakataa kutoa maoni. Hiyo ya kukataa wengi hudhani ni afadhali, kumbe maana yake rekodi zilikuwa hazitoshi hata kujua ukweli ni upi, na mimi naona wanachama wanafaa kushtuka wakiiona.

Kwa serikali, kaunti zikiwemo, kazi hii ni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 229, inampa miezi 6 baada ya mwaka wa pesa kuisha tarehe 30 Juni, ripoti inaenda bunge la taifa ama la kaunti, nalo lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Yeye hashtaki mtu wala hafungi mtu, kwa hivyo kaunti ikitajwa vibaya na hakuna aliyeshikwa, usimlaumu odita, muulize MCA wako, yaani mwakilishi wenu kwa bunge la kaunti, walifanya nini na hiyo ripoti. Ripoti zenyewe zinawekwa kwa tovuti ya ofisi yake, uwe Kisumu, Kakamega ama Nakuru unaweza kusoma ya kwenu bure.