Eti Turner alikuwa anamwaga rangi tu

Kila nikionyesha darasani ile picha ya Snow Storm (dhoruba ya theluji) ya 1842 ya Turner, mchoraji wa Uingereza, meli ya mvuke imekamatwa na dhoruba mdomoni mwa bandari, lazima mtu aseme "mwalimu hii hata mimi naweza, si ni ukungu tu". Jamani nimechoka kuisikia, maana ndiyo inayowaharibu, mtu anakimbilia ukungu na hajui hata kuchora ngalawa ikakaa majini.

Turner aliingia shule ya sanaa ya Royal Academy London 1789 akiwa na miaka 14, wakamwanzisha kunakili sanamu za plasta kwanza kabla ya kuruhusiwa kuchora mtu hai. Picha yake ya kwanza ya rangi za mafuta kuonyeshwa pale, Fishermen at Sea ya 1796, iangalieni vizuri, mwezi mweupe wa baridi juu, taa ndogo nyekundu ya wavuvi chini, na wimbi limebeba mashua ukiona unajua kabisa uzito uko wapi. Hayo aliyasoma kwa Waholanzi, hasa Willem van de Velde mdogo, mchoraji wa bahari wa karne ya 17, na 1801 akachora mashua kwenye upepo mkali iwe pacha wa picha ya huyo huyo Van de Velde. Alipofariki aliacha michoro na rangi za maji kama 30,000, elfu thelathini, halafu mnasema alikuwa anamwaga!

Sasa rudi kwenye hiyo ya 1842 usogee karibu. Mlingoti mwembamba upo, nyuma yake pana mwanga, moshi unapinda, na maji na theluji vyote vinaizunguka meli. Ziba mlingoti kwa kidole uone, picha yote inakosa pa kushikilia.

Ile hadithi kwamba Turner alifungwa mlingotini kwa muda wa saa 4 ili aitazame dhoruba hiyo, alikuwa na miaka kama 67 na ushahidi haupo, hadithi kama hiyo ilishasimuliwa kuhusu mchoraji Vernet wa Ufaransa kabla yake.

Na kwa wanaodhani ukungu huo aliuiga kwa Monet, mchoraji wa Ufaransa, hakuiga, Turner anakufa 1851 Monet ana miaka 11. Monet ndiye aliyekimbilia London wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia 1870 akaziona picha za Turner, ile picha yake ya Impression ya bandari ya Le Havre ni ya 1872.

Jumamosi rangi ziacheni nyumbani, njooni na penseli, tunachora ngalawa moja mara 20.