Wembe butu ndio uliokukata

Jumamosi jioni kijana mmoja kaingia kibanda changu cha kinyozi hapa Gungu, Kigoma, kidevu kimejaa vipande vya karatasi ya chooni kama ukuta wenye mabango ya uchaguzi. "Shikamoo fundi." Marahaba mdogo wangu, umepigana na paka? Akatabasamu kwa shida, akatoa mfukoni wembe wa kukunja aliorithi kwa babu yake. Nikaupitisha kwenye malaika ya mkono wangu. Haukuchukua hata moja. Nikamuuliza kwa nini hakuunoa kwanza, akanipa lile jibu ninalolijua kwa moyo: "Niliogopa, fundi. Nikaona nianze na butu, nikishazoea ndio niutie makali."

Huyu ni wa tatu tangu mwezi uanze. Kueleza kwa mdomo nimechoka, sasa naandika.

Nendeni Kibirizi asubuhi mkawaangalie kina mama wanaopasua migebuka. Hamtamkuta hata mmoja aliyechagua kisu butu ili alinde vidole vyake. Kisu butu kinateleza kwenye ngozi ya samaki, mkono unaongeza nguvu, na nguvu ikishazidi hujui kisu kitatua wapi. Usoni ni vile vile. Wembe mkali unauachia uzito wake tu, unapita wenyewe huku ukitoa kisauti cha mkwaruzo mwepesi, kama kucha juu ya karatasi. Wembe butu unaukamata unywele, unashindwa kuukata, unauvuta. Ngozi inainuka nao, inakuwa kama kichuguu kidogo. Wewe unaona haunyoi, unabonyeza. Kichuguu kinaondoka. Ngozi ni laini kuliko ndevu, kwa hiyo wembe ulioshindwa na ndevu bado nyama unaiweza vizuri sana.

Halafu kuna wale wa "lakini fundi, wangu ni mpya". Upya haunyoi. Nyembe nyingi za kukunja hutoka kiwandani na makali ya kuvutia macho tu, bado zinahitaji jiwe. Mpe mtu anayejua akunolee mara ya kwanza. Wewe mwenyewe usiguse jiwe mwaka huu, utaliharibu na wembe utauharibu.

Kunoa ni kazi ya jiwe, na kupiga mkanda ni kazi nyingine kabisa. Mkanda wa ngozi unatunza makali yaliyopo, hauzai mapya. Uvute ukaze, laza wembe bapa kabisa, mgongo utangulie na makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuupindua juu ya mgongo wake. Ukiugeuza kwa upande wa makali, umekata mkanda na makali yamekunjika. Mara ngapi? Kuna wanaosema 30, kuna wanaosema 60. Mimi napiga 40, na sababu yangu pekee ni kwamba aliyenifundisha alikuwa akipiga 40. Zipo asubuhi nimepiga 15 kwa haraka nikanyoa bila kuona tofauti. Vijana wangu sijawaambia hilo.

Na msidhani chuma hakichoki. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichapisha utafiti wakionyesha kwa hadubini jinsi unywele unavyoweza kumegua makali ya wembe wa kawaida, ingawa chuma chake ni kigumu kama mara 50 kuliko unywele wenyewe. Unywele unaopinda chini ya makali ndio unaofanya uharibifu huo. Kwa hiyo ule msemo wa mwenzako akinyolewa zako tia maji mimi nauchukulia neno kwa neno: maji ya moto, dakika mbili tatu, ndevu zilainike. Kisha povu. Sabuni yetu ya mawese inatoa povu zito linalotulia, kwa kazi hii naipenda kuliko makopo ya dukani, ila uchague iliyokaa ikakauka. Ile iliyozidishiwa kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, itakuchoma.

Kushika ni rahisi: vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, kidole kidogo kwenye mkia, gumba chini. Vuta ngozi kwa mkono wa pili. Ulaze wembe shavuni, kisha inua mgongo kama unene wake mara mbili, hapo uko karibu na nyuzi 30. Ukiusimamisha zaidi unakwangua. Wiki ya kwanza mashavu tu. Wapo wanaojifunzia kwenye baputo lililopakwa povu. Sawa, lakini baputo halina ndevu.

Vitabu vinataka upite mara tatu: kufuata ulalo wa nywele, kukata upande, kisha kwenda kinyume. Sisi wenye ndevu za kujipinda tukienda kinyume, unywele unakatwa chini ya ngozi, ukiota unachoma ndani, na vipele vinakuja. Pita mara moja kufuata ulalo, basi. Wenye vipele sugu nawaambia waachane na wembe watumie mashine, na hapo najua najiharibia biashara.

Wembe huo una mwenyewe mmoja. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, na kuufuta kwa kitambaa hakukiondoi. Kibandani natumia kiwembe kipya nusu kwa kila mteja, nakivunja mbele yake. Na kwa unyevu huu wa ziwa, ukimaliza kausha chuma, paka tone la mafuta ya cherehani. Mawese usipake, yanaganda.

Wembe wa babu ulikuwa na pengo karibu na ncha, ukanila karibu saa nzima kwenye jiwe. Kijana karudi jana, nikamkalisha mbele ya kioo ajinyoe mwenyewe. Shavu la kushoto likatoka safi, akasimama, akaugeuza wembe kuutazama. "Fundi, mbona siusikii?" Nikamwambia aendelee, ila shingo aiachie mashine. Hata mimi, chini ya taya la kulia, nywele zinazunguka kama kimbunga na bado hunitoa damu mara moja kwa wiki.