Kwa Nini Damu ya Kipimo cha Amonia Hukataliwa Maabara

Tumekuwa tukipokea malalamiko ya ndugu wa wagonjwa kwamba maabara inakataa damu iliyokwisha kutolewa na kuagiza mgonjwa achomwe sindano upya. Mengi yanahusu kipimo cha amonia, yaani taka ya mwili iliyo sumu kwa ubongo ikizidi, na ieleweke kwamba sampuli hiyo haikataliwi kwa uzembe wala kwa nia ya kumtoza mtu fedha mara mbili.

Amonia hutokana zaidi na bakteria wa utumboni wanaovunja protini, na ini lenye afya huigeuza kuwa urea inayotoka kwa mkojo. Ini likishindwa, iwe kwa homa ya ini, pombe au sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka) kama ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, amonia hujikusanya kwenye damu na mgonjwa huweza kuchanganyikiwa, mikono ikapigapiga kama mbawa anapoinyoosha, na mwishowe akapoteza fahamu. Bado wapo wanaodai amerogwa na kumzungusha kwa waganga siku tatu, na siku hizo hazirudi.

Damu hutolewa bila kuukaza mkono kwa mpira muda mrefu na bila mgonjwa kukunja ngumi, kwa kuwa misuli inayofanya kazi nayo hutoa amonia. Hujazwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, huzamishwa papo hapo katika barafu yenye maji, kisha huzungushwa kwenye mashine ili plazma, yaani majimaji ya damu, itengwe na chembe zake ndani ya dakika 15 hivi. Chembe nyekundu zikiachwa humo huendelea kutoa amonia, na joto huzidisha. Hivi karibuni tuliletewa kichupa kutoka nje ya mji, kimeviringishwa kwenye mfuko ndani ya koti la dereva wa bodaboda, kingali na uvuguvugu. Tungekipima, tungemtangazia mgonjwa amonia ambayo hana mwilini.

Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida kwa jumla hakizidi mikromoli 50 kwa lita. Mtoto mchanga huwa na zaidi, lakini akivuka 150 hiyo ni dharura. Namba ya amonia peke yake haithibitishi ugonjwa, kwa hiyo kushinikiza kipimo kirudiwe kila siku hakumsaidii mgonjwa ambaye daktari anamwona anapata nafuu.

Zahanati isiyo na barafu wala mashine ya kuzungusha damu impe mgonjwa rufaa aje mwenyewe, na itupigie simu kabla hajaondoka, ili akifika barafu iwe tayari.